Theluji ya Mlangoni kwa Suad

Mwanamme akilala usingizi miaka ishirini na sita theluji ikianguka, halafu asubuhi moja akaonekana nje na beleshi jipya, anazoa mlangoni kwa mwanamke mwengine, huyo ana la kujibu. Hivyo ndivyo alivyoona Sheikha, na anayetaka kumlaumu kwanza akasimame yeye pale dirishani, juu ghorofani, chai inampoa mkononi, amtazame mumewe akiinama na kuinuka kwenye ngazi za jirani.

Ilikuwa Jumanne ya Januari, baada ya sala ya alfajiri, na Wembley nzima imefunikwa. Magari ya mtaani yalikuwa yamegeuka rangi moja, la tajiri na la maskini. Jaffar alikuwa amevaa koti lake la kwendea harusini na kofia ya sufu, na kabla ya kutoka alijipaka mafuta ya udi nyuma ya masikio. Harufu yake ilibaki ngazini. Mtu anajipaka udi kwenda kuzoa theluji! Na wala hakuanzia kwao. Milango miwili imepakana, katikati kuna kiukuta kisichofika hata magotini, lakini yeye alikivuka kiukuta akaenda kuanzia kwa Suad. Mlangoni kwa mkewe theluji ilikaa vilevile, nene, kama godoro ambalo hakuna aliyelilalia.

"Kaanzia kule," Sheikha alisema peke yake. Hakuna aliyemjibu, akalisema tena kwa sauti zaidi.

Sharti mtu amjue Sheikha ndipo amwelewe. Alizaliwa Kikwajuni, Unguja, akaja London na Jaffar mwaka wa tisini na saba, ndoa yao haijatimiza mwaka. Jaffar alipata kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Yeye akapata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaosha, kuwavisha, kuwalisha, na kusikiliza habari za vita ambavyo hata baba yake hakuvikumbuka. Yeye akitoka saa kumi na mbili asubuhi, mume akirudi saa moja na nusu. Wakapokezana kitanda hivyo miaka ishirini na sita, mmoja anaingia shuka bado zina joto la mwenzake. Walizaa mtoto mmoja tu, Miska, na Sheikha akiulizwa kwa nini hawakuongeza alikuwa akijibu, "Tungekutana wapi?"

Basi theluji ikianguka, anayetoka mwanzo ndiye anayefungua njia. London haina theluji ya kila siku. Miaka mingine haionekani kabisa, mingine inakuja mara mbili tatu, lakini ikija ilikuwa ya Sheikha. Mwaka wa kwanza, kwa ujinga wa ugeni, alichemsha birika akazimwagia ngazi maji ya moto. Theluji ikayeyuka, akafurahi, akaingia ndani kuvaa viatu. Alipotoka tena alishuka ngazi zote kwa makalio. Aliyemwinua alikuwa Bwana Nitin wa duka la pembeni, Mhindi wa Kisumu anayeuza kila kitu kuanzia dengu mpaka misumari. "Mama, maji moto hapana!" alimwambia. "Hiyo nageuka kioo. Tia chumvi tu." Tangu siku hiyo Sheikha akawa anazoa theluji kwa sinia la pilau na kunyunyiza chumvi nyuma yake. Sinia lenyewe lipo mpaka leo, limepinda ukingo. Mume akirudi kazini anakuta njia iko wazi, anapita, anapanda kulala. Hakuwahi kuuliza imefunguliwa na nani.

Na kuna jambo jengine. Mamake Sheikha alikuwa mke mkubwa. Mke mdogo alikaa Mlandege, na baba alikwenda kwa zamu, siku mbili huku, siku mbili kule. Neno hilo, zamu, Sheikha alilijua kabla hajajua kuhesabu. Siku isiyokuwa zamu yao mama alipika kidogo, akafunga mlango mapema, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kucheka. Mtu aliyekulia hivyo wivu wake si wa kuokota njiani, ametoka nao kwao.

Suad alikuja mwezi wa Oktoba. Mpemba wa Wete, mjane, miaka arobaini na nne, ameletwa na mwanawe Harith anayeendesha lori na kulala huko huko safarini Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwa hivyo wiki nzima alikaa peke yake na televisheni asiyoielewa. Alikuwa mwanamke wa adabu. Hilo Sheikha mwenyewe hakulikataa, na hilo ndilo lililomuuma, maana mshari angemmaliza kwa maneno siku moja yakaisha. Huyu alikuwa na sauti ya chini na meno mazuri, na alimwita Jaffar "shemegi" kwa namna ambayo neno lilichukua muda mrefu kutoka mdomoni kuliko lilivyostahili. Kwa masikio ya Sheikha, angalau.

Jaffar naye ndiyo kwanza kiwanda kimefungwa, kastaafu tangu kiangazi, kazi yake kunywa chai na kuchungulia mtaa.

Jumanne ile Sheikha aliporudi kazini, miguu imelowa, alikuta mezani bakuli la boko-boko, ngano iliyopondwa na nyama, limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Nusu yake imeshaliwa.

"Suad kaleta," alisema Jaffar. "Ahsante ya theluji. Ana mkono yule, bibi weye! Hebu onja."

Sheikha alimpikia mtu huyu boko-boko tangu wameoana, na sifa kubwa aliyowahi kupata ni kuulizwa kama limebaki. Akaonja. Lilikuwa tamu. Lingelikuwa baya angepata pa kupumulia.

Akampigia simu Miska, anayekaa Thamesmead na mumewe.

"Babako anazoa theluji ya watu. Ya huyo Suad."

"Aww, Mum, that's so sweet."

"Sweet nini? Kwetu hajazoa!"

"Mum, she's on her own. He's just being nice."

"Mwanangu, wanaume wote wanaotaka kuongeza mke huanza kwa kuwa nice."

Miska alicheka mpaka akakohoa. Sheikha hakucheka. Alikata simu, akalikosha bakuli la Suad mara mbili, akalirudisha mwenyewe mlangoni kwa mwenye nalo, mkono mmoja, bila kuingia.

Jumatano theluji ikaanguka tena, na Jaffar akaanzia tena kulekule. Mpaka amalize kwa jirani, mkewe alikuwa ameshatoka, kaikanyaga theluji ya mlangoni kwake ikamwingia viatuni. Jioni hakuweza kunyamaza.

"Baba Miska, theluji ya kwetu ni haramu?"

Jaffar alitazama viatu vyake. "Si nilikuja nikaizoa baadaye."

"Baadaye."

"Nimeanza kwa mgeni, Mama Miska. Hajui theluji yule."

"Na mimi niliijulia wapi? Kikwajuni?"

Jaffar akaenda kutia udhu na wakati wa sala bado saa nzima. Mwenye jibu hujibu, alijiambia Sheikha. Huyu hana jibu kwa sababu lipo na halisemeki. Usiku ule alilala amempa mgongo, macho wazi, anamwona mamake akifunga mlango mapema.

Alhamisi alipita dukani kwa Bwana Nitin kununua chumvi. Mzee alikuwa na furaha zake. "Mama, mzee yako safi sana! Yeye nanunua beleshi ya chuma, nauliza ipi nzuri kwa ngazi ya jirani."

Kwa ngazi ya jirani. Kumbe mtu alitoka nyumbani na nia, akaingia dukani, akaitaja. Sheikha alisahau chumvi juu ya kaunta.

Wivu ukikaa siku tatu bila kusemwa huota akili zake wenyewe. Jioni ile redio ilisema baridi itashuka digrii sita chini ya sifuri. Jaffar alikwenda msikitini kusali isha. Theluji nyepesi ilikuwa imeanza tena, na taa ya Suad ilikuwa inawaka jikoni, upande wa nyuma. Sheikha alichemsha birika. Akavaa koti juu ya nguo ya kushindia nyumbani, akakivuka kile kiukuta, akazimwagia ngazi mbili za Suad maji polepole, ngazi ya juu mwanzo, kama mtu anayemwagilia maua. Akarudi akachemsha birika la pili.

Alijua alilokuwa akilifanya. Hakutaka Suad afe, Mungu apishe mbali. Alitaka ateguke mguu tu, akae ndani, meno yake mazuri akayachekee kuta. Na watu wangesema nini? Mgeni huyu, kamwaga maji mlangoni, wageni wote hufanya hivyo mwaka wa kwanza. Alirudi ndani na moyo mwepesi, na mume aliporudi msikitini alimwekea chakula vizuri kuliko siku zote.

Ijumaa kazi yake ilikuwa inaanza saa nne, kwa hivyo alibaki juu ya msala baada ya alfajiri. Alisikia mlango wao ukifunguka, akasikia beleshi likiburuzwa. Halafu kikasikika kishindo, na ukelele. Ulikuwa ukelele wa mwanamme.

Katika mipango yake yote alisahau kwamba mguu wa kwanza kukanyaga ngazi zile kila asubuhi ulikuwa wa mumewe. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba huenda akamwingiza mume.

Alishuka mbio, kanga kichwani, ndara miguuni. Jaffar alikuwa amelala chini ya ngazi za Suad, beleshi kalishika mkononi, mguu wa kushoto umeelekea upande usiokuwa wake. Suad alikuwa kapiga magoti kwenye theluji, anamfunika kwa blanketi lake mwenyewe, na shungi lake mwenyewe kalikunja kamwekea chini ya kichwa, nywele ziko nje katika baridi ile na hana habari. Alikuwa akilia.

"Nimemuua shemegi! Da Sheikha, nisamehe, nimemuua! Jana Alhamisi nilikosha ngazi kwa maji, kwa ajili ya usiku wa Ijumaa, kama kwetu. Sikujua mie! Wallahi sikujua!"

Hapo ndipo Sheikha alipopewa uongo wake mezani, umeshapikwa. Kwao, Alhamisi jioni nyumba hufagiliwa, kizingiti hukoshwa, udi hufukizwa, kwa sababu usiku wa Ijumaa umeingia. Suad kafanya alivyofanya miaka yote Wete. Lakini alikosha kwa kitambaa na ndoo ndogo, alasiri, jua halijazama, na kitambaa hakitengenezi barafu nene ya vidole viwili. Sheikha alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Akamtazama Suad machoni, akasema, "Basi, basi. Ndiyo Mungu keshapanga."

Jaffar alizidi kulikaza beleshi. Alikuwa amefumba macho.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Hospitali wakamtia vyuma, wakamfunga hogo la plasta kutoka vidoleni mpaka gotini, na Jumatatu wakamrudisha nyumbani na magongo mawili. Hawezi kupanda ghorofani, kwa hivyo kitanda kikateremshwa sebuleni, chini ya dirisha la mbele. Sheikha aliomba likizo akapewa siku moja tu. Jumanne ilibidi arudi kwa wazee wake.

Na nani alikuja kukaa na mgonjwa? Saa tatu kamili, kila siku, Suad, na sufuria ya supu kaifunga kwa taulo. Alikuja kulipa kosa lake. Alikuwa akikaa jikoni, mlango wa sebule uko wazi, kwa heshima zote, akiitwa ndipo anakwenda. Akipika, akifagia, akimsomea Jaffar habari za Zanzibar kutoka kwenye simu kwa sauti kutoka kule kule jikoni. Sheikha hakuweza kumkataza. Angemwambia nini? Alichimba kisima kumweka mwanamke huyu mbali, na kisima kikamleta mpaka jikoni kwake.

Oh, alivyoumia! Akirudi saa kumi anakuta mwiko wake umehamishwa mahali. Anakuta viungo vyake vimepangwa, vikombe vimening'inizwa, na nyumba inanukia mdalasini alioupondaponda mtu mwengine. Siku ya Alhamisi alipofika mlangoni alisikia mumewe akicheka. Jaffar, aliyevunjika mguu! Alisimama nje na ufunguo mkononi, akahesabu: mara ya mwisho alimchekesha yeye lini? Hakukumbuka. Aliona wivu mpaka wa lile hogo, kwa sababu Suad ndiye aliyelifunika soksi lisipate baridi. Na akilala kitandani peke yake kule juu alijua kwamba akitaka kumwondoa Suad njia ipo, nyepesi, maneno manne au matano. Akisema, Suad ataondoka. Lakini akisema, huenda na mume akaondoka naye. Akanyamaza, na Suad akaendelea kuja.

Jumamosi Sheikha alikuwa na zamu ya kazi ya wikiendi. Aliporudi, jikoni kulikuwa na moshi wa kitunguu na Suad alikuwa akikoroga sufuria. Alimtazama Sheikha usoni kwa huruma ya kweli.

"Da Sheikha, unachoka. Nakuona. Hebu mie na weye tugawane vizuri. Mchana zamu yangu, usiku zamu yako. Na siku mbili hizi za mwisho wa wiki ukitaka kulala, nichukue hata zamu ya usiku, Harith yupo atakuja akae na mie hapa. Zamu kwa zamu, hutaona uzito."

Hakuwa na baya. Alikuwa akizungumza habari za ugonjwa, kama mtu yeyote. Lakini Sheikha alisimama pale na koti lake bado mwilini, na alisikia Mlandege na Kikwajuni, siku mbili huku, siku mbili kule. Toba haikumjia hata kidogo. Kilichomfungua mdomo ni wivu mtupu.

"Zamu?" alisema. "Hapa hapana zamu. Mume wangu hana zamu! Ngazi zako hukuzigandisha weye. Nilizigandisha mimi. Birika mbili za maji ya moto, usiku ule."

Suad alishika mwiko hewani. "Kwa nini?"

"Ili uanguke."

Suad alipunguza moto, akafunika sufuria, akaweka mwiko juu ya kisahani. Akakosha mikono, akaifuta, akavaa shungi lake mbele ya kioo cha dirisha bila haraka. Alipozungumza sauti yake ilikuwa chini kama siku zote.

"Siku nane, Da Sheikha. Siku nane nnamuomba Mungu anisamehe dhambi yako."

Akapita sebuleni. "Ugua pole, shemegi," alisema. "Ahsante, Suad," alijibu Jaffar, na mlango wa mbele ukafungwa taratibu.

Sheikha alibaki jikoni. Sebule ni hatua sita, na alijua kila neno limefika. Alizitembea hatua hizo sita akiwa ameshajipanga: akitukanwa atanyamaza, akiachwa ataondoka na begi lile jekundu, ataenda Thamesmead kwa mwanawe. Jaffar alikuwa ameegemea mito, hogo juu ya stuli.

"Umesikia," alisema Sheikha.

"Nilijua."

"Umejua nini?"

"Tangu siku ile. Nilitoka asubuhi nikaona nyayo. Nyayo zako, Mama Miska, nani mtaani ana miguu midogo kama yako? Zimetoka kwetu, zimevuka kiukuta, zimekwenda kwa Suad, zimerudi. Mara mbili." Akavuta pumzi. "Nilifurahi, unajua? Nikasema, alhamdulillahi, kumbe kaenda kumtazama jirani, roho yake imetua. Nikazifuata. Nikakanyaga palepale ulipokanyaga weye, nikaenda chini."

Sheikha alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikaiona ile barafu pua yangu iko juu yake," Jaffar aliendelea. "Nikafahamu. Suad anahangaika na komeo la mlango, namsikia. Nikalivuta beleshi, hivyo hivyo nimelala, nikazifuta zile nyayo. Zote nilizozifikia."

"Mguu umevunjika?"

"Mguu umevunjika."

"Na ukamwacha mtoto wa watu alie siku nane."

"Nilimwacha. Hilo mimi na weye tutajibu mbele ya Mungu, wala sina utetezi. Kila nikitaka kumwambia naona nitakuuza."

Hapo angepaswa kulia, au kumbusu mkono, au kuomba radhi. Mwanamke mwengine angefanya hivyo. Sheikha alikuwa na swali moja lililomkaa kooni tangu Jumanne ile, na hata aibu ile yote haikuweza kulisukuma chini.

"Kwa nini ulianzia kwake?"

Jaffar alitazama mguu wake, kama siku ile alivyotazama viatu. Safari hii hakuwa na pa kwenda.

"Kwako niliona haya," alisema. "Kiwanda kilipofungwa, Jumanne ile ndiyo theluji ya kwanza kunikuta niko nyumbani, niko macho. Nimefungua mlango, nimeiona, imejaa mpaka juu. Nikajiuliza, basi miaka yote ile nikirudi nakuta njia iko wazi, alikuwa nani? Nilijua ni nani. Sinia si naliona limepinda. Hata beleshi nilipolinunua niliona haya kuzitaja ngazi zetu. Kwa Suad nikizoa mimi ni jirani mwema, anasema ahsante, mambo yamekwisha. Kwako nikizoa ni mume aliyechelewa miaka ishirini na sita. Nilikuwa nasubiri utoke kwanza, ndipo nizoe kwetu, usinione."

"Na udi? Ulijipaka udi wa nini?"

"Baridi, Mama Miska! Nilisikia mafuta yanazuia baridi masikioni."

Alicheka Sheikha, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, na Jaffar hakujua ashike kipi.

Kesho yake, Jumapili, alikwenda kugonga kwa Suad. Alifungua Harith, kijana mrefu mwenye adabu za mamake. "Mama kalala, anti," alisema. Ilikuwa saa tisa mchana. Akamuuliza hali ya mzee kwa uchangamfu, akamkaribisha ndani, na Sheikha akafahamu kwamba Suad hajamwambia hata mwanawe. Angependa atukanwe hapo mlangoni mtaa mzima usikie. Alirudi nyumbani. Jikoni mwake mwiko ulikuwa mahali pake, hakuna mtu aliyeuhamisha, na nyumba hainukii kitu. Alikuwa amepata alichokitaka.

Jumatano theluji ikaanguka tena. Sheikha alitoka baada ya alfajiri, gizagiza linaondoka, na beleshi la Jaffar. Lilikuwa zito kwake, hakulizoea. Alikivuka kiukuta akaanza kwa Suad, ngazi ya juu kwanza, akazoa mpaka saruji ikaonekana, akanyunyiza chumvi na kuikanyagakanyaga mwenyewe kuona kama inashika. Alipokuwa kwenye ngazi ya pili mlango ulifunguliwa. Suad alisimama ndani, amejifunika blanketi.

"Assalamu alaykum," alisema Sheikha.

"Wa alaykumu salaam," Suad alijibu, kwa kuwa salamu ni faradhi kuijibu. Alisubiri kidogo, akaitazama chumvi, akamtazama aliyeimwaga. Hakusema Da Sheikha. Hakusema ahsante pia. Akafunga mlango, lakini taa ya ukumbini aliiacha ikiwaka, ikawa inamulika ngazi.

Sheikha alimaliza pale, akaja kwao. Theluji ilikuwa imejaa mpaka juu. Alizoa mara tatu nne, akasimama kupumzisha mgongo, ndipo alipoona pazia la sebuleni limevutwa. Jaffar alikuwa ameinuka kitandani, kasimama kwa magongo yake mawili, paji la uso limegusa kioo. Hakupunga mkono. Miaka yote ile hakuwahi kuona inavyozolewa.

Sheikha aliinama akaendelea, polepole, ili mumewe aone vizuri.